Saa ya Babu Ising'arishwe Ikawa Mpya
Safu ya Mwana wa Tana

Katika vijiji vya Wenje, kama ilivyo kwingi kandokando ya Mto Tana kati ya Hola na Garsen, saa kongwe ya mkononi ina maadui wawili wanaopokezana zamu kwa majira: vumbi laini la kiangazi, ambalo hupenya hata pale jicho lisipoona upenyo, na unyevu wa misimu ya mvua, ambao mto unapofurika, kama ulivyofurika wakati wa El Niño ya 1997 na tena mwaka 2018 na 2024, huingia hadi ndani ya masanduku ya nguo. Yupo pia adui wa tatu, ambaye safu hii inamwona kuwa mbaya kuliko hao wawili, naye ni mrithi mwenye bidii ya kuisugua saa ya marehemu mpaka ionekane imetoka dukani jana.

Saa inayozungumziwa ni ile ya kutiwa ufunguo, au ile inayojijaza yenyewe mkono unapotikisika, mfano wa Seiko 5 iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, wala si ya betri. Nguvu yake hutoka kwenye kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo kidogo, na mwendo wake hudhibitiwa na gurudumu la mizani, ambalo katika saa nyingi za zamani hupiga mapigo 18,000 kwa saa moja, yaani matano kwa kila sekunde. Ncha za mihimili ya magurudumu huzunguka ndani ya vito vidogo vya yakuti ya kutengenezwa, vilivyotiwa mafuta kiasi kisichofikia tone. Mafuta hayo yakikaa miaka mingi huganda, na vumbi likichanganyika nayo hugeuka msasa unaokula chuma polepole. Wanaofungua kifuniko na kudondosha mafuta ya cherehani huongeza ugonjwa, kwa kuwa mafuta hayo hutambaa hadi kwenye kamani ndogo ya gurudumu la mizani, iliyo nyembamba kama unywele, mizunguko yake ikagandana na saa ikaanza kwenda mbio. Kazi hiyo ni ya fundi saa, ambaye hukongoa kila kipande, akakiosha, akakikausha na kukitia mafuta upya.

Mwenye saa abaki na sehemu ya nje. Uchafu wa jasho ulioshikamana kwenye mashikio ya mkanda hutolewa kwa kijiti cha meno na kitambaa chenye unyevu kidogo, mkanda ukiwa umekwisha kuvuliwa, na isisahaulike kwamba kasha la shaba lililopakwa kromu likisuguliwa sana hubaki shaba tupu. Kioo cha plastiki chenye mikwaruzo hukubali dawa ya meno kidogo. Cha kioo halisi hakikubali.

Uso wa saa usiguswe kabisa, kwa sababu kitambaa kibichi hufuta tarakimu pamoja na vumbi, na rangi iliyopauka ndiyo ushahidi wa umri ambao wanunuzi wenye ujuzi huutafuta. Baadhi ya saa za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu, madini yenye mnururisho, ili zing'ae gizani. Mng'ao hufa mapema, lakini radiamu yenyewe hupungua nusu tu baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo kuikwangua ni kuvuta sumu kwa pua.

Saa iliyozama isianikwe juani, kwa sababu joto hugeuza maji kuwa mvuke unaotua tena chini ya kioo, wala isifukiwe kwenye mchele, ambao hauwezi kuvuta maji yaliyo nyuma ya kifuniko kilichofungwa. Ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo, maana kutu haisubiri. Na barabara ikiwa imekatwa, jambo ambalo wakazi wa Tana hawahitaji kuelezwa, ifunguliwe kifuniko cha nyuma, iwekwe kivulini chini ya bilauri iliyoinuliwa kidogo upande mmoja, na isitiwe ufunguo hata mara moja kabla ya kumfikia fundi.