DAMU YA PWANI, KIWANDA CHA PUNE!

Wewe mpiga debe wa magari ya Kibiti pale Mbagala Rangi Tatu, na wewe machinga uliyeacha mpunga Rufiji ukaja kutembeza mitumba Kariakoo, soma hapa. Habari hii inakuhusu wewe na wadogo zako uliowaacha kule deltani.

Unajua kwamba mkoa wako wa Pwani umesaidia kuipa dunia chanjo ya malaria? Hukuambiwa! Mei 2009 majaribio makubwa ya mwisho ya chanjo ya RTS,S yalianzia Bagamoyo. Watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika waliingizwa, wa Bagamoyo na Korogwe wakiwemo. Ikaja ya pili, R21 ya wataalamu wa Oxford. Nayo ikarudi Bagamoyo kuomba mikono ya watoto wetu. Shirika la Afya Duniani likaipitisha ya kwanza Oktoba 2021, ya pili Oktoba 2023.

Na Kibiti je? Kuanzia 1998, Kibiti ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji, watafiti walipita nyumba hadi nyumba, Bungu, Mchukwi mpaka Ikwiriri, wakiandika nani kazaliwa, nani kafa na kafa kwa nini. Sina ugomvi na watafiti, wao walifanya kazi yao. Ugomvi wangu ni na wakubwa waliokaa mezani kwa niaba ya walalahoi.

Maana chanjo ilipoiva, kiwanda kilikwenda wapi? RTS,S ikatengenezwa Ubelgiji. R21 inatengenezwa Pune, India, na Serum Institute, waliotangaza kwamba wanaweza kutoa dozi milioni 100 kwa mwaka. Hata utaalamu wa RTS,S uliahidiwa kampuni nyingine ya India, Bharat Biotech. Sisi? Mwaka 2019 chanjo ilipoanza kutolewa kwa mara ya kwanza vituoni, walipata Ghana, Kenya na Malawi. Mkono uliochomwa Bagamoyo ukabaki unapunga!

Wasikudanganye kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Chanjo hizi ni protini, na fundi wake ni hamira. Ya RTS,S ni ya jamii ile ile ya hamira ya maandazi! Inapandikizwa maelekezo ya kutengeneza kipande cha gamba la kijidudu cha malaria, inalishwa na kuzaliana ndani ya matangi, kisha protini inavunwa na kusafishwa hatua kwa hatua. Ugumu uko kwenye usafi, vipimo, na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka sindano imfikie mtoto. Umeme wetu huu ukikatika, mali imekwenda.

Ni kazi ghali, sikatai. Lakini Cuba, kisiwa maskini kilichobanwa na vikwazo vya Marekani, mwaka 1981 ilipeleka wataalamu sita Finland kujifunza kutengeneza interferoni, protini ya kupambana na virusi. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wanaitengeneza kwao. Mwaka 1986 wakafungua kituo kikubwa cha bioteknolojia Havana, na baadaye wakatoa chanjo yao wenyewe ya homa ya ini.

Wacuba hao hao wametufuata mpaka Kibaha! Kiwanda cha NDC kilichozinduliwa 2015 kilijengewa matangi ya kukuza bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Dawa ikakosa wanunuzi, mpaka Juni 2017 Rais Magufuli akafika na kuziamuru halmashauri zikaichukue. Nchi ya mbu, dawa ya mbu, mnunuzi hakuna! Huku viluwiluwi vya Nyamisati vinaogelea raha mustarehe. Najua, dawa ya kumwaga dimbwini si chanjo ya kumchoma mtoto, masharti yake ni mbali sana. Lakini kijana anayejua kulea bakteria kwenye tangi bila kuchafua ndiye wa kuanza naye.

Aprili 2021 Umoja wa Afrika uliweka lengo kwamba ifikapo 2040 asilimia 60 ya chanjo za Afrika zitengenezwe Afrika. Basi mbunge akija Mbagala kuomba kura, muulize: mkataba wa majaribio yajayo una kipengele cha kutukabidhi utaalamu, au una posho za semina tu? Vijana wangapi wa Pwani wamepelekwa Havana na Pune kusomea matangi? Akianza kukohoa, usimpe maji.