KUVU NDANI YA NYUMBA NI ADUI

Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Wako wanaodhani vita hivyo ni vya Serikali na waganga peke yao. Sisi twasema sivyo. Uwanja mmoja wa vita hivyo umo ndani ya nyumba zetu hapa Katoro, na adui ni kuvu.

Mahindi yakivunwa mvua zingali zikinyesha, mkulima huogopa wezi, akayaingiza ndani mabichi, akayaegemeza ukutani na kufunga dirisha. Haupiti muda mrefu ukuta una madoa meusi, mwenye pumu anabanwa kifua, na ndani ya gunia kuvu imekwisha kuota.

Kuvu ya ukutani husumbua kifua. Ya guniani yaweza kuua. Sumu yake, sumukuvu, huharibu ini, wala haitoki kwa kuosha au kupika. Mwaka 2004 jirani zetu wa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317, na 125 kati yao wakafa. Wachunguzi waliona kuwa waliougua zaidi ni wale walioweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Mwaka 2016 msiba huo ulifika kwetu: Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20. Basi mtu asiseme ni uchawi.

Ndugu wanachama, kazi ya kufanya twaijua. Nafaka, karanga na michembe vianikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Paa linalovuja lizibwe, na madirisha yafunguliwe mchana. Punje zilizoota kuvu zifukiwe.

Lakini hapa pana neno gumu. Maskini hawezi kufukia debe la mahindi kwa sababu ya hotuba. Akikosa kula, atauza kwa bei ya chini, na mahindi yale yatarudi kwetu kwa njia ya pombe, chakula cha kuku na uji wa mtoto. Anayekula ubovu huo si tajiri. Ni mchimbaji mdogo na mtoto wa mkulima.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Kwanza, mahindi yapimwe sokoni kabla ya kuuzwa, na liwepo ghala la ushirika ambamo mkulima ataweka mavuno yake bila hofu ya wezi. Hiyo ni kazi ya viongozi tuliowachagua. Pili, kila nyumba kumi zichange zinunue turubai moja la kuanikia. Hiyo ni kazi yetu, na haingojei amri ya mtu.

Uhuru na Kazi!