Akiba Haiozi, Lakini Hushika Kutu

Katika nyumba ya kila fundi niliyepata kuingia hapakosi mkebe mmoja. Aghalabu ni kopo la maziwa ya unga au debe la rangi lililokatwa mdomo, na ndani yake mmejaa nati, bolti, skrubu, washa, kotapini na vipande vya chuma visivyo na jina. Mwenyewe akiulizwa, "Bwana, haya yote ni ya nini?" hujibu kwa fahari, "Akiba haiozi." Mimi nami nilikuwa nikijibu hivyo hivyo mpaka mwaka jana. Leo napenda kusema kinyume, na nawaomba wenzangu mnisikilize kwanza kabla ya kunicheka. Mkebe wa namna hiyo si akiba. Ni deni, na siku moja hapana budi mtu alilipe.

Baba yangu ni fundi wa baiskeli na pikipiki. Banda lake limeegemea ukuta wa jiko letu, kwetu Tororo, si mbali na barabara ya malori yaendayo Malaba. Nikiwa likizoni humsaidia kufungua na kufunga, na watu wa mtaani hunihesabu kuwa nusu fundi.

Jioni moja Baba alikuwa amekwenda msibani, akaja jirani yetu mwenye bodaboda. Nati ya ule mkono ushikao breki ya nyuma isizunguke pamoja na gurudumu ilikuwa imedondoka njiani. "Mdogo wangu," akaniambia, "nitafutie nati moja tu, abiria wangu ananingoja sokoni." Nikamwaga mkebe wetu juu ya gunia. Giza lilikuwa limeanza kuingia, nami nilimulika kwa simu. Nilijaribu nati hii na hii, nyingine kubwa, nyingine ndogo, nyingine zimeliwa na kutu, karibu nusu saa nzima. Mwishowe nikapata moja iliyokubali kuingia mzunguko mmoja na nusu, kisha ikakwama. Jirani alikuwa akitazama saa. Nikachukua spana, nikavika bomba kwenye mpini wake ili nipate nguvu zaidi, nikakaza. Nati ikaingia kwa kulia. "Imeshika sana, kaka," nikamwambia, nikapokea shilingi zangu mia tano.

Siku ya tatu, akiteremka kilima peke yake, nati ile iliachia. Mkono wa breki ukatoka, breki ikazunguka na gurudumu, gurudumu likashikwa ghafula, naye akaanguka akavunjika mtulinga. Wiki saba hakuendesha pikipiki. Shule zilipofunguliwa watoto wake wawili walibaki nyumbani kwa kukosa ada.

Hakuja kutugombeza. Alimwambia Baba kwamba ajali ni za Mungu. Lakini Baba aliichukua ile bolti, akaisugua kwa brashi ya waya, akanionyesha. Uzi wake ulikuwa umepukutika kama bunzi la mahindi. "Hii si kazi ya Mungu," akasema. "Hii ni kazi ya mkebe wetu, na ya mkono wako." Baba alilipa gharama za hospitali, nami niliuza mbuzi wangu ili nichangie ada ya wale watoto. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwaza jambo hili.

Kosa langu lilikuwa nini? Bolti ile ilikuwa ya milimita 8. Nati niliyoikaza ilikuwa ya inchi, kipimo cha 5/16, pengine iliyotoka katika mashine kuukuu ya kusaga mahindi. Sasa, 5/16 ya inchi ni milimita 7.94. Tofauti yake na milimita 8 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na hakuna jicho liwezalo kuiona. Lakini uzi una kipimo cha pili, nacho ni umbali wa kutoka jino hata jino. Katika bolti ya kawaida ya milimita 8 umbali huo ni milimita 1.25, katika nati ile, yenye meno 18 kwa kila inchi, ni milimita 1.41. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza huingia vizuri, wa pili husita, na anayeendelea kukaza hafungi kitu, bali ananyoa meno ya chuma. Ukiigusa waiona imeshika barabara, kumbe inashikiliwa na vumbi la chuma.

Labda mtu atauliza, vipimo hivi viwili vilifikaje katika mkebe mmoja? Jibu ni historia yenyewe. Hapo kale kila karakana ya Uingereza ilikata uzi wake kama ilivyopenda, hata mwaka 1841 Joseph Whitworth alipotoa shauri kwamba wote wafuate kipimo kimoja. Mwaka 1864 William Sellers wa Marekani naye alitoa kipimo chake, chenye meno ya umbo jingine. Mataifa ya bara la Ulaya yakafuata milimita. Baiskeli, injini na mashine za kwanza zilizofika kwetu zilitoka zaidi Uingereza, nazo zilikuja na inchi zake. Baadaye zikaja pikipiki na magari ya Japani na Uhindi, na milimita zake. Chombo cha zamani kikifa, nati zake hazizikwi, hutiwa katika mkebe. Basi mkebe wa Baba ulikuwa umekusanya mataifa mengi, wala hakuna aliyekuwa amewaambia wapatane.

Msidhani ni sisi tu tulioumizwa na jambo hili. Mwezi wa Februari mwaka 1904 moto mkubwa ulizuka katika mji wa Baltimore, Marekani. Wazimamoto wa miji mingine, pamoja na Washington, walikuja mbio kwa garimoshi na mashine zao. Walipofika, mipira mingi ya maji haikuweza kufungwa kwenye mabomba ya Baltimore, kwa sababu nyuzi hazikulingana. Maji yalikuwapo, watu walikuwapo, na majengo zaidi ya 1,500 yaliungua. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza na Wamarekani, waliokuwa upande mmoja, walitaabika kwa kuwa bolti ya huyu haikukubali nati ya yule. Ndipo mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada wakakubaliana juu ya uzi mmoja wa inchi. Ikiwa mataifa makubwa yalihitaji mkataba ili kupanga nati zao, je, sisi tutaona haya kutenga jioni mbili za likizo?

Sasa nitaeleza tulivyofanya sisi, maana maneno matupu hayapangi nati.

Kwanza tuliumwaga mkebe wote juu ya mkeka mchana kweupe, tukatenga kila namna mahali pake: bolti, nati, skrubu za mbao, washa, na takataka. Vilivyoshika kutu kidogo tulivilaza katika mafuta ya taa usiku kucha, mbali na jiko, tukavisugua, tukavikausha na kuvipaka oili. Vilivyokwisha kabisa, yaani nati zilizopasuka, bolti zilizoliwa meno, washa za springi zilizolala na kotapini zilizokwisha kukunjwa, tulivitia katika gunia la chuma chakavu tukaviuza kwa kilo. Karibu nusu ya "akiba" yetu ilikwenda hapo. Baba alinyamaza kidogo alipoona gunia lile, kwa maana vingine alivitunza tangu mimi sijazaliwa.

Pili, tulitengeneza ubao wa kupimia. Tulinunua dukani bolti tano mpya za milimita, yaani 5, 6, 8, 10 na 12, tukazipachika katika ubao zikitokeza nje kama vidole. Hizo tunaziita mama. Kila nati isiyojulikana hupelekwa kwa mama hao. Ikiingia kwa vidole viwili, bila spana, mpaka chini, imempata mama yake. Ikikwama njiani hailazimishwi hata kidogo, huwekwa kando pamoja na za inchi. Umbali wa meno yao ni milimita 0.8, 1, 1.25, 1.5 na 1.75, kwa utaratibu huo huo. Lakini ziko pia nati za milimita 10 na 12 zenye meno madogo zaidi, na hizo zina vikopo vyao. Vilevile pedali ya kushoto ya baiskeli, ambayo uzi wake hukazwa kwa kuzungusha kushoto, ina mahali pake peke yake, maana wengi wameiharibu kwa kutojua.

Tatu, vyombo. Hapa wengi huniambia, "Wewe una fedha za kununua makasha yenye vidroo." La, sina. Tulikusanya majerikeni madogo ya mafuta ya kupikia, tukayakata ubavu mmoja, yakawa vidroo vyenye mpini tayari. Chupa za siagi ya njugu tulizifunga hivi: vifuniko vyake tulivipigilia chini ya rafu kwa misumari miwili miwili, na chupa yenyewe huzungushwa ikaning'inia pale. Vitu huonekana ndani, na vumbi haliingii. Fedha tulizotumia zilikuwa za zile bolti tano na misumari.

Nne, alama. Hatukuandika tu. Nje ya kila chombo tulifunga kwa waya nati moja ya namna iliyomo ndani. Mdogo wangu wa miaka sita, ambaye hajui kusoma vizuri, huweza kurudisha kila kitu mahali pake, na jambo hilo ni kubwa kuliko yote niliyoyataja. Kupanga ni kazi ya siku mbili, bali kurudisha ni kazi ya kila siku. Banda ambalo mtu mmoja tu ajua siri yake litarudi kuwa mkebe siku atakapokwenda msibani.

Tano, bolti zenye namba kichwani. Bolti ya milimita iliyopigwa chapa 8.8 ina nguvu kuliko isiyo na chapa, na ya 10.9 ina nguvu kuliko ya 8.8. Hizi tumezitenga kwa ajili ya injini, breki na magurudumu. Kumfungia mtu breki kwa bolti laini ya kitanda, ati kwa kuwa inaingia, ni kumdanganya.

Najua yatakayosemwa. Wako wazee wa kazi wasemao kwamba fundi hodari hujua nati kwa vidole vyake, na kwamba kupanga vikopo ni mchezo wa watu wasio na wateja. Nawaheshimu, na kweli vidole vya Baba hujua mengi. Lakini vidole vyake havikuwapo jioni ile, vilikuwapo vyangu. Elimu iliyo katika vidole vya mtu mmoja huondoka naye. Wengine husema maskini hawezi kutupa kitu. Nami nasema kwamba maskini ndiye asiyeweza kufanya kazi moja mara mbili. Nusu saa niliyopoteza nikichakura gizani ndiyo iliyonitia haraka, na haraka ndiyo iliyoshika lile bomba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vikopo vyetu ndivyo daftari la fundi.

Kwenu wanafunzi wenzangu, hasa mlio katika masomo ya sayansi: twajifunza darasani kupima kwa sehemu za milimita, kisha twarudi nyumbani na kuona aibu kushika mkebe wenye oili. Yafaa tubadili. Likizo ijayo kila mmoja atafute mkebe mmoja, wa baba, wa mjomba au wa jirani, aombe ruhusa kwa adabu, aumwage mchana, aupange. Asianze kwa kumfundisha mzee kazi yake. Aanze kwa kuosha nati. Na kwenu ndugu zetu mliomaliza hapa, ambao wengine mna magari na mabanda yenu ya kuyatengenezea: mtakapokuja kututembelea, bolti tano mpya za kupimia ni zawadi ndogo kwenu, lakini kwa fundi wa kijijini ni shule nzima.

Jirani yetu sasa amepona na anaendesha tena. Mwezi wa Desemba alikuja bandani, nati nyingine ikiwa imempotea. Baba alikuwapo, lakini hakuinuka. Alinitazama mimi tu. Nilinyoosha mkono kwenye chupa ya tatu, nikatoa nati, nikaizungusha kwa vidole viwili mpaka chini, ndipo nikachukua spana. Haikuchukua dakika moja. Jirani aliinama, akaijaribu mwenyewe kwa mkono wake, naye alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Kisha akawasha pikipiki akaenda zake, nami nikairudisha chupa mahali pake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita