Siri si ya wenye Wi-Fi pekee

Niliacha chuo, lakini hesabu ya bando sikuiacha. Kutoka Makutano, Meru, hadi Embu town, wimbo ni ule ule: "Mimi ni Opera Mini tu, inakula MB kidogo." Ni ukweli. Lakini ukiiweka ile ya kubana kabisa, ukurasa unapitia kwanza kwa seva za Opera, unafupishwa huko, ndio unakufikia. Ni kama kumpa makanga barua aifupishe njiani. Kucheki skoo za Gor, poa. Paswadi ya eCitizen ama HELB? Zii.

Na wewe wa Incognito ya Chrome, hiyo inafuta historia kwa simu yako tu. 2024, kwa kesi Marekani, Google ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi za watu waliodhani wamejificha.

Nakataa hii story ati mtu wa bando ya mbao lazima achague siri ama spidi. Weka Firefox, ongeza uBlock Origin. Matangazo hayafunguki, kwa hivyo MB zinabaki. Ndiyo, kwa simu ya RAM ndogo Firefox ni nzito kiasi. Vumilia.

"Sina cha kuficha." Sasa mbona simu yako hapo kibandani umeilaza kifudifudi?