Nyumba za jabalini na swali la mtoto

Umewahi kupanda ngazi ya miti yenye urefu wa futi 32, huku nyuma yako pakiwa ni bonde tupu? Mimi nimepanda, na magoti yangali yananiuma.

Nilikuwa nimemzuru dada yangu mkubwa huko Albuquerque, Marekani. Ana miaka kumi na miwili hajakanyaga nyumbani. Mama alipozikwa, alituma pesa tu. Jambo hilo tulilibeba garini tangu alfajiri, tulipoanza kukata jangwa la New Mexico kuelekea Mesa Verde, katika jimbo la Colorado, wala hakuna aliyelitaja. Tuliongea habari za bei ya petroli.

Kule, zaidi ya miaka 700 iliyopita, mababu wa Wapueblo walijenga nyumba za mawe ndani ya mapango ya majabali. Iliyo kubwa kupita zote, Cliff Palace, ina vyumba vipatavyo 150. Mashamba yalikuwa juu: mahindi na maharagwe (yaani githeri yetu!) pamoja na maboga. Kwenda na kurudi walishika vishimo vilivyochongwa mwambani. Hebu fikiria, mama mwenzangu, ukishuka hivyo na mtoto mgongoni! Sisi wa ngazi ya serikali tulitoka jasho. Katika Balcony House kuna pia kitundu cha kupita kwa kutambaa. Dada, ambaye Marekani imemnenepesha, alipita kwa kuvutwa mkono, nasi tukacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mwanawe wa miaka tisa ndiye aliyeuliza: mbona walihama wakaacha nyumba nzuri hivi?

Askari wa mbuga alieleza kwamba kulikuwa na ukame mkali tangu 1276 hadi 1299, na ilipokaribia 1300 watu walikuwa wameelekea kusini. Vizazi vyao, wakiwemo Wahopi na Wazuni, vingalipo, na kwao pale si mahame. Wazee wao wangali pale. Mwaka 2020 Finland ilirudisha mifupa ya watu 20 iliyochukuliwa na mgeni mmoja mnamo 1891, ikazikwa tena.

"Nyanya naye amezikwa wapi?" mtoto akauliza.

Dada alijifanya kutafuta funguo za gari. Tulipokaribia Farmington, jua likitua, aliniuliza nauli ya Desemba huwa pesa ngapi, na kama kaburi limejengewa.

Nilimwambia bado.