Wenye Fremu wa Karatu, Kazeni Kuta Zenu

Tarehe 17 Julai 2007 ardhi ilitetemeka chini ya mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron, kwa kipimo cha 5.9, na hata Nairobi watu walitoka maofisini mbio. Septemba ile Ol Doinyo Lengai ukaanza kutema majivu. Miaka tisa baadaye, tarehe 10 Septemba 2016, ikawa zamu ya Kagera. Kipimo kilikuwa kile kile, 5.9, tena chimbuko lake lilikuwa chini zaidi ardhini kuliko la Gelai. Lakini Kagera walikufa watu wasiopungua 17, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, nyumba kwa mamia zikalala chini, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa kuwa majengo yake hayakufaa tena kukaliwa. Kwa nini Gelai tulisalimika? Kwa sababu kule palikuwa na nyasi, mbuzi na maboma ya Wamasai. Kuta za matofali za kumwangukia mtu zilikuwa chache mno.

Karatu ya leo inazo tele. Msafiri atokaye Mto wa Mbu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa akiwa ndani ya gari, husimama juu kulisifu Ziwa Manyara, kisha huendelea na safari bila kuwaza kwamba pale alipopanda ni mahali ardhi ilipokatika. Upande wa Mang'ola kuna mkato mwingine ushukao Ziwa Eyasi. Mji umekaa katikati ya hiyo miwili. Wala tusidanganyane kwamba huku hakujawahi kutokea jambo: tarehe 7 Mei 1964, Karatu ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu, tetemeko la 6.4 lilipiga eneo hili hili. Tetemeko la 6.4 hutoa nguvu zaidi ya mara tano ya lile la 5.9. Tofauti ni kwamba mwaka ule kando ya barabara hapakuwa na msururu huu wa maduka, nyumba za wageni na baa.

Ndugu zangu wenye majengo, sisemi habari za ghorofa jipya lenye mhandisi na kibao cha mkandarasi. Nasema lile jengo la zamani lililotangulia lami, au lililoinuliwa kwa pupa lami ilipofika: matofali ya kuchoma, paa la bati, fremu nne au tano mbele. Chukua msumari, kwangua plasta kidogo penye pembe ya ukuta, kisha uchokonoe kati ya tofali na tofali. Msumari ukizama kama unaingia shambani, basi ukuta wako umeshikwa na udongo. Saruji ni ngozi ya nje tu. Halafu panda darini, kama ipo, uangalie kenchi zimekalia nini. Mara nyingi zimelazwa juu ya tofali tupu, na waya mmoja wenye kutu ndio unaozizuia zisiende na upepo. Ardhi ikitikisika, paa litakwenda upande wake na ukuta upande wake.

Tunaambiwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye majengo wengi wametii kwa namna ya ajabu: ufa huuziba kwa plasta, hupaka juu yake rangi ya kampuni ya simu, kisha hupandisha kodi. Baya zaidi ni yule anayevunja ukuta wa kati ili fremu mbili ziwe duka moja pana, na juu yake akapandisha simtank la lita 5,000. Maji hayo yakijaa ni tani tano, na ukuta ambao ungeyabeba umeshageuka kifusi.

Dawa ipo, na haihitaji kubomoa. Kwanza, kuta zote zifungwe juu kwa mkanda wa zege wenye nondo, na kenchi zifungwe kwenye mkanda huo. Pili, zile pembe za ukuta zinazopanda hadi kileleni mwa paa ziegemezwe na kufungwa, kwani ndizo hutangulia kuanguka, na huangukia njiani. Tatu, kwenye kona na usawa wa lenta, plasta ibanduliwe, wavu wa chuma uwekwe ndani na nje, uunganishwe kwa vyuma vinavyopenya ukuta, kisha upigwe plasta ya saruji. Tangi lishuke kwenye mnara wake. Vipimo vya haya aviweke mhandisi. Fundi wetu ni hodari, ila huo si mzigo wa kumtwisha peke yake.

Najua jibu: fedha hakuna, na mauti yamo mikononi mwa Mungu. La pili sina ubishi nalo, ingawa sijaona mwenye nyumba anayeacha mlango wazi usiku kwa hoja hiyo. Kuhusu fedha, kazi hii hugawanyika. Masika ya Aprili na Mei watalii hupungua na vyumba hukaa vitupu. Mwaka huu shughulikia paa, mwaka ujao kona. Wenye hoteli za zamani kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro wana sababu zaidi, maana ndani ya hifadhi kujenga upya si jambo la kuamka asubuhi na kuanza.

Christchurch, New Zealand, tarehe 22 Februari 2011, walikufa watu 185. Kati yao karibu 40 waliuawa na majengo ya zamani ya matofali, na wengi wa hao walikuwa nje, wakipita njia. Baadaye nchi ile ikatunga sheria ya kuwawekea wenye majengo dhaifu muda wa kuyaimarisha au kuyaondoa. Huku kwetu Zimamoto hukagua maduka na kuuliza mtungi wa kuzimia moto. Ukuta nani anauuliza? Halmashauri ya Wilaya ina mhandisi wake. Aanze na majengo yaliyo kando ya barabara kuu na sokoni, ambako watu hujazana, na mwenye jengo apewe maandishi yanayoeleza kasoro na muda wa kuirekebisha.

Nawe mpangaji unayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kabla ya kutia sahihi omba ngazi. Panda, utazame kama pale juu ya ukuta pana zege au pana tofali tupu, na jibu hilo liingie kwenye bei.