Stoo ya Mafagio Haikumpa Rosalyn Yalow Tuzo ya Nobel

Hivi karibuni nilihudhuria hafla ya kuwakaribisha wanafunzi wa uzamili katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mgeni rasmi, mtu mwenye wadhifa na ufasaha, aliwasimulia habari za Rosalyn Yalow, mwanasayansi wa Marekani aliyeanza utafiti wake katika stoo ya mafagio ya hospitali na baadaye akapokea Tuzo ya Nobel. Akahitimisha kwa swali: kama mama yule aliweza akiwa stoo, ninyi wenye maabara mnalalamikia nini? Ukumbi ukashangilia. Nilimtazama binti aliyeketi mbele yangu, ambaye hakupiga makofi. Ninamfahamu. Kwa miezi saba amekuwa akisubiri vitendanishi vya kupimia homoni vilivyokwama bandarini kwa sababu ofisi moja inadai kibali cha ofisi nyingine. Sampuli za damu alizokusanya kwa wajawazito zimekwisha kuharibika, baada ya umeme kukatika mwisho wa juma na jokofu la idara kukosa jenereta.

Makala haya ni jibu langu kwa mgeni rasmi. Sisemi kwamba alidanganya, kwa maana stoo ile ilikuwepo. Kosa lake ni kwamba aling'oa ukweli mmoja kutoka katika shamba lake, akaugeuza kuwa fimbo ya kuwachapia vijana wenye haki ya kudai. Turudi basi shambani, tuone mti ule uliotaje na nani aliumwagilia.

Rosalyn Yalow alizaliwa New York mwaka 1921, katika familia ambayo wazazi hawakupata elimu ya sekondari. Alisoma Hunter College, chuo cha umma cha wasichana, akahitimu fizikia mwaka 1941. Hata hivyo, njia ya kuingia masomo ya juu aliyoonyeshwa kwanza ilikuwa ya mlango wa nyuma: awe katibu muhtasi wa mwanabiokemia mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, kwa sharti kwamba ajifunze hatimkato. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Illinois kikampa nafasi ya kusoma na kufundisha fizikia. Alipofika huko alijikuta mwanamke pekee miongoni mwa wanataaluma 400 wa kitivo cha uhandisi, na wa kwanza tangu mwaka 1917. Yeye mwenyewe alieleza baadaye, bila kuficha, kilichomfungulia mlango: vijana wa kiume walikuwa wakiitwa jeshini, na viti vikabaki wazi.

Tusome somo hilo vizuri. Mlango ulifunguka kwa sababu waliokuwa wakiuziba waliondoka. Hata baada ya kuingia, alipopata A katika masomo yote isipokuwa somo moja la vitendo alilopata A pungufu, mkuu wa idara aliona hapo uthibitisho kwamba wanawake hawafanyi vizuri maabara. Tujiulize ni wangapi wenye kipaji kama chake walizaliwa miaka kumi kabla yake, wakati hapakuwa na vita vya kuwaachia viti. Majina yao hatuyajui, na hakuna mgeni rasmi atakayewasimulia.

Sasa tuingie stoo. Mwishoni mwa mwaka 1947 Yalow alianza kazi ya muda katika hospitali ya maveterani wa vita huko Bronx, huku akiendelea kufundisha Hunter College. Chumba cha kwanza alichopewa kilikuwa kweli stoo ya mfanya usafi. Lakini hospitali ile ilikuwa ya serikali. Idara ya maveterani ilikuwa imeamua kuanzisha huduma za isotopu zenye mionzi katika hospitali zake kadhaa, kwa kuelewa kwamba katika fani mpya tiba na utafiti lazima viende sambamba. Huduma ya Bronx ilikuwa miongoni mwa za kwanza kugharimiwa na mpango huo. Mwaka 1950 Yalow aliacha kufundisha na kuajiriwa huko moja kwa moja. Mwaka huohuo akaungana na daktari Solomon Berson, nao wakafanya kazi bega kwa bega kwa miaka 22.

Kwa hiyo ndani ya "stoo" ile palikuwa na mshahara wa serikali, isotopu, wagonjwa waliokubali kushiriki, mpango wa taifa wenye bajeti, na zaidi ya yote miaka. Stoo ilikuwa mwanzo uliodumu kitambo kifupi. Kwetu stoo ni sera.

Na walitumiaje miaka hiyo? Swali lao la mwanzo halikuwa na mnunuzi. Mtafiti mmoja alikuwa amependekeza kwamba kisukari cha watu wazima husababishwa na insulini kuharibiwa haraka mno mwilini. Yalow na Berson wakaitia insulini alama ya mionzi, wakawachoma sindano watu wenye kisukari na wasio nacho, kisha wakafuatilia inavyotoweka katika damu. Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio: kwa wagonjwa waliokwisha kutibiwa kwa insulini, homoni hiyo ilikawia kutoweka. Wakahitimisha kwamba miili ya wagonjwa hao ilikuwa imetengeneza kingamwili zinazoishika insulini. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba insulini ni molekuli ndogo mno kuweza kuamsha kingamwili. Andiko lao lilikataliwa na jarida la kwanza, likakataliwa na la pili, na lilichapishwa mwaka 1956 baada ya wao kukubali kuondoa maneno "kingamwili ya insulini" kwenye kichwa cha habari. Barua ile ya kukataliwa Yalow aliihifadhi, akaionyesha kwa ulimwengu katika mhadhara wake wa Nobel mwaka 1977.

Kutoka katika mshangao huo kilizaliwa kipimo. Kwa msomaji asiye mwanasayansi, fikiria daladala yenye viti kumi. Viti ni kingamwili. Abiria kumi waliovaa fulana nyekundu ni homoni iliyotiwa alama ya mionzi. Ukiwaacha peke yao, wote watakaa. Sasa ongeza abiria wasio na fulana, ambao idadi yao huijui. Hao ni homoni iliyomo katika damu ya mgonjwa. Wote wagombee viti vilevile. Kadiri wasio na fulana wanavyokuwa wengi, ndivyo wekundu wanaopata viti wanavyopungua. Hesabu wekundu waliokaa, nawe utajua idadi ya wale uliokuwa huwajui. Kwa hila hiyo sahili, iliyotangazwa kati ya mwaka 1959 na 1960, homoni zilizomo katika damu kwa kiasi kidogo kuliko sehemu ya bilioni ya gramu zikaanza kupimika.

Elimu ya homoni haikuwa ileile tena. Ilidhihirika kwamba wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani wana insulini ya kutosha, hata nyingi, ila miili yao haiitikii ipasavyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Quebec, Kanada, njia hiyo ilitumika kupima homoni ya tezi ya shingo katika tone la damu ya kichanga lililokaushwa juu ya karatasi, ili mtoto apate dawa kabla ubongo wake haujadhurika. Mwaka 1971 watafiti wa Sweden waliweka kimeng'enya mahali pa mionzi, na jamii hiyo ya vipimo ikaenea hadi maabara zisizo na uwezo wa kutunza mionzi. Hata ukanda wa kupima ujauzito unaouzwa katika duka la dawa la mtaani kwako hutumia kingamwili zinazoishika homoni; ni wa ukoo huohuo.

Wala Yalow na Berson hawakukata hataza ya kipimo chao. Walikiacha wazi, na maabara za dunia nzima zikakichukua. Berson alifariki mwaka 1972, miaka mitano kabla ya Nobel, ambayo hawapewi marehemu. Yalow akaipa maabara jina la mwenzake, ili kila andiko litakalotoka humo liendelee kulibeba.

Sasa nimrudie binti wa jokofu. Alipowasilisha pendekezo lake la utafiti, kamati ilimuuliza maswali mawili ambayo nayakumbuka kwa sababu nilikuwepo. La kwanza: utafiti huu utaingiza bidhaa gani sokoni, na lini? La pili, lililoulizwa kwa tabasamu: je, ukiolewa katikati ya masomo? Yalow angeshindwa swali la kwanza. Mwaka 1950 hakuwa na bidhaa wala soko. Alikuwa na swali kuhusu insulini, na mwajiri aliyemwacha alifuate. La pili halistahili jibu. Alikuwa na mume na watoto wawili, na hakuna aliyemuuliza Berson kuhusu ndoa yake.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo si la kipuuzi: nchi zetu ni maskini, zahanati hazina dawa, basi utafiti wa homoni usubiri. Nalijibu hivi. Kwanza, viongozi wetu wenyewe walikwisha kulikataa pingamizi hilo kwa maandishi. Umoja wa Afrika umezihimiza nchi wanachama kutenga angalau 1% ya Pato la Taifa kwa utafiti. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 inataja 2% kwa ajili ya mfuko wa taifa wa utafiti, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa. Kutotimiza ahadi si umaskini. Pili, kazi ya Yalow na Berson haikuhitaji jumba la vioo. Ilihitaji umeme usiokatika, vitendanishi vinavyofika kwa wakati, fundi sanifu wa maabara mwenye ajira, na miaka kadhaa bila kuulizwa kila robo mwaka faida iko wapi. Tatu, zahanati ile isiyo na dawa inahitaji pia kujua inatibu nini. Kisukari kinaongezeka kwetu, nasi tunakitibu kwa vipimo na viwango vilivyowekwa kwa kupima damu za watu wengine.

Enyi watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, hamhitaji kusubiri waziri ndipo mfanye lililo mezani penu. Kibali cha vitendanishi vya utafiti kiwe na dirisha moja na siku ya mwisho ya kujibiwa. Mafuta ya jenereta ya maabara yaingizwe katika bajeti ya kawaida, yasiachiwe wafadhili. Kila mwaka kitangazwe kiasi kilichotolewa kwa utafiti, mbali na kile kilichotengwa. Nanyi walimu wenzangu mlio katika kamati, ulizeni kwanza kama swali la mwanafunzi lina uzito na kama mbinu yake inalifikia. Soko litafuata au halitafuata.

Kwenu wanafunzi, mtaambiwa tena kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, pale ambapo kuna mti. Siku mgeni rasmi atakapowasimulia tena habari za stoo ya mafagio, mmoja wenu anyanyue mkono kwa adabu amuulize nani alikuwa akilipa mshahara humo ndani, na kwa miaka mingapi.